Tisini na Tisa

Maabara yetu haina darubini.
Mama alipokuja kunitembelea alikaa kwenye kiti cha plastiki,
akaangaza macho akitafuta chupa, sindano, panya wa kizimbani;
akakuta kabati la chuma, kompyuta nne, birika la umeme,
na dirisha linalotazama barabara ya Ediofe.
"Sasa humu mnapima nini?"
Nikamwambia: huzuni.
Akacheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.
"Kwa debe au kwa mizani?"

Kwa maswali tisa, mama.

Neno moja lilitugombanisha siku tatu.
Dokta Onzima alitaka sonona,
lakini sonona ni neno la kitabuni; litamke sokoni Arua
uulizwe kilo yake shilingi ngapi.
Wengine wakasema moyo mzito.
Wengine wakasema mawazo,
kama mtu asemavyo "nina mawazo"
na pasiwe na wa kumuuliza: mawazo gani?
Tukapiga kura. Mawazo yakashinda kwa kura mbili.
Tukanywa soda, tukapeleka karatasi kwa mpiga chapa.

Mwezi wa pili, vumbi la Terego likiwa limefika kwenye nyusi,
nilimkuta akimenya mihogo nyuma ya jiko.
Nikamsomea idhini. Akachovya dole gumba kwenye wino,
akalipangusia kwenye ganda.
Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa raha?
Sifuri.
Umejiona huna thamani?
Sifuri. Andika, mwanangu, andika.
Na usingizi?
Kisu kikapunguza mwendo.
"Usingizi huja kila usiku. Mimi ndiye hanikuti.
Nakuwa barabarani, namngoja Alioni."
Alioni alivuka mpaka kwenda kuchimba dhahabu,
mvua nne zilizopita.
Kwenye karatasi kuna visanduku vinne vya usingizi.
Hakuna cha barabarani.

Swali la tisa ni lile la kutamani kutokuwepo.
Nililisoma polepole, kama tulivyofundishwa,
bila kukunja uso, bila kulainisha sauti kupita kiasi.
Hakujibu.
Kuku alipita kati yetu, akadonoa wino.
Hakujibu.
Kanuni inasema: usijaze kimya kwa maneno yako.
Kanuni inasema: usiondoke.
Nikampigia nesi Asizu, akasema yuko njiani,
pikipiki yake ina pancha, nimpe saa moja.
Mama yule akaingia jikoni, akarudi na kisu cha pili,
akanisukumia.
Tukamenya.
Mihogo mingine ilikuwa imeoza katikati
huku nje ikiwa meupe kama meno ya mtoto;
hiyo aliitupa bila kuitazama.
Karai lilipojaa ndipo Asizu akafika,
wakaingia ndani wawili, mlango ukarudishwa.

Usiku ule, maabarani, nilifanya usafi wa takwimu.
Hatua ya kwanza: futa majina. Siri ya mtu ni amana.
Nikafuta Candiru, nikaweka 0417.
Kidole kilipokwisha kubonyeza ndipo nikakumbuka
maana yake kwa Kilugbara: dhiki.
Walimpa siku ile ile aliyozaliwa,
kabla hajaulizwa swali lolote,
naye amelibeba hadi kisimani, hadi kanisani,
akiitikia kila anapoitwa.

Swali la tisa: tisini na tisa.
Maana yake, hakujibu.
Kompyuta huiruka tisini na tisa
kama mbuzi arukavyo mtaro, haiangalii chini.
Dokta Onzima akasema hizo ni chache, haziharibu wastani.
Kweli haziharibu. Wastani wetu ulitoka mzuri.

Mama alipiga simu Jumapili.
"Na ninyi mnaopima, nani anawapima?"
Nikasema mtandao unakatika.

Jana nimepita Terego, bila begi, bila wino.
Sikuuliza kitu.
Kisu cha pili kilikuwa tayari juu ya karai.